Ekzosi kubwa haileti oksijeni: kubadilisha mfumo wa moshi wa gari la zamani lenye kasi ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Gari likitoka Dar es Salaam hadi Mbeya linapanda takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini) inafika ikiwa imepoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake bila kifaa chochote kuharibika. Pwani shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101, na Mbeya mjini ni kama 82. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila silinda inapovuta pumzi inapata oksijeni kidogo na kompyuta inapunguza petroli ili mchanganyiko ulingane. Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE na gia za mkono, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 210, ikisimama Mafiati, Mbeya, inabaki na kama 175. Ukipanda nayo hadi Njombe inapungua tena.

Hapo ndipo maneno ya ekzosi yanapoanza. Mwenye Altezza, Impreza, Forester ya tabo au Mark II ya miaka ya 1990 analalamika gari limekuwa zito, anaambiwa moshi hautoki vizuri, bomba linakatwa, sailensa ya mdomo mpana inachomelewa. Gari linanguruma, naye anaamini nguvu zimerudi. Mara nyingi hazijarudi, kwa sababu ekzosi haina namna ya kuongeza oksijeni iliyopungua mlimani. Kazi yake ni kuondoa kizuizi, na kabla ya kununua hata nusu mita ya bomba inabidi ujue kama kizuizi kipo na kiko wapi.

Pima kabla ya kukata

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni geji ya vakyumu inayochomekwa kwenye mpira wa vakyumu wa manifoldi ya kuingizia hewa. Tatizo ni kwamba maelekezo yanayokuja na geji hizo yameandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Yanasema injini nzima ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Lakini kila ukipanda mita 300 usomaji hushuka kama inchi 1. Injini nzima kabisa ikiwa Mbeya itasoma kati ya 11 na 15, na fundi asiyelijua hilo atasema valvu zimekwisha au gasketi ya manifoldi inavujisha. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa kosa hili moja.

Kwa ajili ya ekzosi, namba yenyewe si muhimu sana kama mwendo wa mshale. Injini ikishapata moto, soma bila kukanyaga mafuta, kisha panda hadi mizunguko 2,500 na uishikilie hapo kwa dakika nzima. Mshale utashuka kidogo ulipokanyaga, halafu urudi karibu na pale ulipokuwa au juu yake. Ukiona unaendelea kushuka taratibu huku mguu haujasogea, moshi unarundikana nyuma ya kitu.

Kipimo cha pili ni cha uhakika zaidi. Fungua sensa ya oksijeni, funga kwenye tundu lake geji ya shinikizo yenye uzi wa M18 × 1.5, na usome moja kwa moja. Bila kukanyaga mafuta isizidi takriban baa 0.1, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi takriban baa 0.2. Kwenye gari la tabo tumia tundu lililo baada ya tabo. Ukipima kabla yake utaona shinikizo kubwa na kudhani umeipata hitilafu, kumbe turbaini ndivyo inavyofanya kazi.

Ikithibitika kuna kizuizi, washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni sailensa ya nyuma ambayo kuta zake za ndani zimeoza na kuanguka. Igonge kwa nyundo ya mpira ikiwa imepoa, utasikia vipande vikicheza. Wa pili ni masega (kisafisha moshi chenye vitundu vingi, katalaiza) yaliyoyeyuka. Masega hayayeyuki yenyewe. Yanayeyuka kwa sababu petroli isiyoungua imekuwa ikifika pale na kuwakia ndani, na chanzo ni plagi zilizokwisha, koili inayoruka au injini inayokula oili. Ukibadilisha masega bila kutibu chanzo, mapya yatakwenda njia ile ile ndani ya miezi michache.

Ukipima ukakuta shinikizo liko sawa kwenye gari lisilo na tabo, nguvu unazozitafuta hazipo kwenye ekzosi. Angalia ea klina, plagi, sensa ya hewa na mpangilio wa mnyororo au mkanda wa injini kwanza.

Upana wa bomba unapigiwa hesabu

Kuna usemi unaozunguka gereji zote kwamba injini inahitaji msukumo wa nyuma ili ivute vizuri. Usemi huu umechanganya mambo mawili. Hakuna injini ya mipigo minne inayofaidika kwa kusukuma moshi dhidi ya kizuizi. Kila kizuizi kinakula nguvu. Inachofaidika nacho ni kasi ya moshi. Kila valvu ya kutolea inapofunguka, donge la gesi linatoka kwa kasi na kuacha nyuma yake sehemu yenye shinikizo dogo, ambayo inasaidia kufyonza mabaki ya silinda inayofuata. Bomba likiwa pana mno gesi inapoteza kasi na kupoa, ufyonzaji unalegea, na gari linakuwa bovu kwenye mizunguko ya chini. Aliyeweka bomba la inchi 3 kwenye injini ndogo akaona gari limelala alisema limekosa msukumo wa nyuma, kumbe lililokosekana ni kasi ya gesi.

Hesabu yake si ngumu. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 6,000 inavuta lita 6,000 za hewa kwa dakika, yaani lita 100 kwa sekunde, tukichukulia silinda zinajaa kabisa. Moshi wake ukiwa nyuzi 500 umetanuka kama mara 2.6, hivyo ni kama lita 260 kwa sekunde zinazopita bombani. Kwenye bomba lenye upana wa ndani wa milimita 48, ambalo ndilo la inchi 2, gesi hiyo inakwenda karibu mita 144 kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 60 za ndani, la inchi 2.5, inakwenda mita 92. Kwenye la milimita 73, la inchi 3, mita 62 tu. Ndiyo maana kwa injini ya lita 2 isiyo na tabo mafundi wanaojua hawavuki inchi 2.25, na wenye busara wanaacha manifoldi ya moshi ya kiwandani ilivyo. Ile ya Altezza tayari ni ya mabomba yaliyopindwa kwa mpangilio mzuri, si chuma kizito cha kumimina, na vingi vinavyouzwa kama mbadala wake ni duni kuliko yenyewe.

Mwinuko haubadilishi hesabu hii. Silinda ni zile zile, ujazo wa gesi ni ule ule, kilichopungua ni uzito wake. Kwa hiyo anayesema Mbeya panahitaji bomba pana zaidi kuliko Dar hana msingi.

Kwenye gari lisilo na tabo, lenye mfumo wa kiwandani usioziba, tarajia ongezeko la asilimia chache tu kwenye mizunguko ya juu. Ni halali kulifanya kwa ajili ya sauti au kwa sababu bomba la zamani limeoza. Lakini fedha isitoke kwa matumaini ya kurudisha ile moja ya sita iliyobaki Dar.

Tabo: hapa ekzosi ina kazi kweli

Kwenye gari la tabo mambo yanabadilika kabisa, na Subaru yenye injini ya EJ20 ni mfano mzuri kwa kuwa ziko nyingi barabarani. Moshi unatoka kwenye vichwa viwili vilivyolala kulia na kushoto, unakusanyika chini ya injini, unapanda kwenye bomba la kupandia hadi kwenye tabo, unazungusha turbaini, kisha unashuka kwenye bomba ambalo mafundi wengi wanaliita daunpaipu, halafu bomba la kati na sailensa.

Turbaini inazungushwa na tofauti ya shinikizo kati ya mbele yake na nyuma yake. Ukipunguza shinikizo nyuma yake, tofauti inakua na tabo inaamka mapema. Hapa ufyonzaji wa madonge ya gesi hauhusiki, kwa kuwa turbaini imeshayavunja. Baada ya tabo, bomba pana ni zuri, na inchi 3 kwenye EJ20 ni kipimo cha kawaida. Eneo lake la kupitishia gesi ni kubwa kuliko la inchi 2.5 kwa karibu asilimia 44. Faida kubwa iko kwenye nusu mita ya kwanza baada ya tabo. Mtu mwenye fedha ya kipande kimoja tu aiweke kwenye daunpaipu na kuiacha sailensa ya nyuma kwa baadaye, ingawa sailensa ndiyo inayoonekana na wengi huanza nayo.

Baadhi ya Impreza WRX za miaka ya mwanzo ya 2000 zina masega madogo ndani ya bomba la kupandia, kabla ya tabo. Hayo ni hatari kweli. Yakipasuka, vipande vyake vinaingia kwenye turbaini inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na mapanga yanakatika. Kama gari lako lina bomba la namna hiyo, libadilishe hata kama huna mpango mwingine wowote.

Sasa hatari yenyewe. Tabo inazuiwa isizidi kiwango kwa kijimlango kiitwacho wastegeti, ambacho hufunguka na kuruhusu sehemu ya moshi kupita pembeni ya turbaini. Kwenye tabo ndogo za kiwandani tundu la kijimlango hicho ni dogo, likapimwa kwa ekzosi ya kiwandani. Ukiondoa vizuizi vyote, moshi unapenda kupita kwenye turbaini kuliko kwenye tundu dogo. Kijimlango kinafunguka mpaka mwisho na bado shinikizo linaendelea kupanda. Dereva anaona mshale wa geji ya tabo ukipita kiwango kuanzia mizunguko 5,000, kisha gari linakatika ghafla kama limezimwa na kuendelea tena: hiyo ni kompyuta inakata petroli kuokoa injini. Asipoelewa akaendelea kukanyaga, siku moja kompyuta itachelewa. Mchanganyiko utakuwa mkavu (petroli pungufu kwa hewa iliyopo), injini itagonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda), na pistoni za EJ20 zinajulikana kwa kuvunjika kingo za ringi.

Kumbuka pia kwamba magari haya yaliyotoka Japani yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya kule, yenye oktani ya karibu 100. Tayari yanakimbia na akiba ndogo kabla hujagusa ekzosi.

Na kuna suala la mwinuko lenyewe. Geji ya tabo inapima shinikizo lililozidi hewa ya nje. Ikisoma baa 1 Dar, ndani ya manifoldi kuna takriban baa 2 kamili, na tabo imebana hewa mara 2. Ikisoma baa 1 hiyo hiyo Mbeya, ndani kuna baa 1.82 tu, lakini tabo imebana hewa zaidi ya mara 2.2, yaani inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi kwa nguvu pungufu. Mtu anayepandisha shinikizo ili gari liende kama la Dar anahitaji kama baa 1.2 kwenye geji, na tabo italazimika kubana karibu mara 2.5. Kwa tabo ndogo ya zamani hapo ni ukingoni.

Mabadiliko ya ekzosi nzima kuanzia tabo kwenda nyuma yaende pamoja na kupanga upya kompyuta, kwa mtu mwenye kifaa cha kusoma uwiano wa hewa na petroli na sikio la kusikia kugonga. Na ipangwe huku huku gari linakoishi, kisha ikaguliwe tena kama linashuka pwani mara kwa mara. Kama huna mpangaji, acha sailensa ya kiwandani na bomba la kati, badilisha daunpaipu peke yake, na upime: gia ya tatu, mlima mdogo, abiria akiangalia geji. Shinikizo likivuka kiwango cha kiwandani, mguu utoke mara moja. Tiba ni kutanua tundu la wastegeti tabo ikiwa mezani.

Masega yabaki au yatoke

Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanapita gereji hadi gereji. Ndiyo sababu ushauri wa kuyatoa hutolewa haraka sana. Wakati mwingine anayeshauri ndiye anayeyauza. Ukikubali yatoke, yarudishiwe mkononi mwako.

Yakiwa mazima, masega ya kisasa yenye vitundu vipana hayanyimi gari la tabo la mtaani nguvu nyingi. Faida za kuyaacha ni za kweli: harufu ya petroli haiingii ndani, moshi hauchomi macho ya anayekufuata kwenye foleni ya Mwanjelwa, na sumu inapungua. Yakitoka, magari yenye sensa ya pili baada ya masega yatawasha taa ya cheki injini, mara nyingi kwa msimbo P0420. Vijibomba vya kuisogeza sensa nje ya mkondo vinazima taa bila kusafisha chochote.

Bomba gani, limepindwaje

Bomba la maji lililopakwa zinki lisitumike kabisa. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chini kabisa ya joto la kuchomelea, na mvuke wake unamlaza fundi kwa homa na kifua usiku huo huo. Bomba la stenlesi la reli za ngazi na mageti linavutia kwa kung'aa, lakini mengi ni ya daraja la 201 na unene wa milimita 0.8 hadi 1. Linashika kutu mapema na kupasuka kando ya weldi. Tafuta 304 yenye unene wa milimita 1.5. Sumaku itakusaidia nusu tu: haishiki 304 lakini haishiki 201 vilevile, na inashika 409, ambayo ni stenlesi halali inayotumiwa na viwanda vingi vya magari. Muulize muuzaji karatasi ya bomba, au nunua kwa anayeuza vifaa vya ekzosi.

Chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1.5 hadi 2 si dhambi. Ni rahisi kuchomelea na kwenye ukavu wa Iringa kinadumu. Tukuyu ni kwingine: mvua ya Rungwe inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na chuma cha kawaida hakisamehewi. Kitambaa cha kuzuia joto kilichozungushwa kwenye chuma cha kawaida huko kinashika maji kama sponji na kukitoboa bomba kutoka nje.

Kutoka ndani kuna maji pia. Kila lita moja ya petroli inayoungua inazaa karibu lita moja ya maji. Injini na bomba vikipata moto yanatoka kama mvuke. Kwa safari za dakika tano asubuhi za Juni kule Njombe au Makete, bomba halipati moto, maji yanalala kwenye sailensa pamoja na asidi, na sailensa inaoza ingali mpya kwa nje. Tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa linasaidia sana.

Kupinda ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Bomba likipindwa kwa jeki bila kujazwa, ukuta wa ndani wa kona unajikunja na inchi 2.5 inakuwa inchi 2. Njia ya zamani ya kujaza mchanga na kupasha moto ni nzuri, mradi mchanga umekaangwa mpaka ukauka kabisa na kushindiliwa. Mchanga wenye unyevu ndani ya bomba lililozibwa pande zote utalipuka kwa mvuke. Rahisi zaidi ni kununua kona zilizopindwa kiwandani na kuziunga.

Pima nafasi ya chini mapema. Bomba la inchi 3 linaning'inia chini zaidi kuliko la kiwandani, na kati ya Mbeya na Makambako matuta hayahesabiki. Chini ya sakafu unaweza kutumia bomba la umbo la yai lenye eneo lile lile.

Kufungua na kufunga

Stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi ya moshi kwenye EJ20 ni M10 × 1.25, na zimeingia kwenye kichwa cha alumini. Baada ya miaka 25 ya joto na maji, nati imekuwa kitu kimoja na stadi. Mimina mafuta ya kupenyeza jioni, rudia asubuhi, kisha pasha nati peke yake kwa gesi mpaka iwe nyekundu iliyofifia na uifungue ikiwa bado moto kwa soketi ya pembe sita. Rudisha na kukaza kidogo kidogo. Usiivute kwa mkono mmoja mrefu. Stadi yote ikitoka na uzi wa alumini, usirudishe kwa gundi: kichwa kinatengenezwa kwa kuingiza uzi wa chuma. Kabla ya kuwasha moto wowote, angalia kama gasketi za vifuniko vya valvu zinavujisha oili, maana kwenye injini iliyolala oili hiyo hudondokea juu ya ekzosi.

Wakati wa kufunga, nati ziwe mpya, gasketi iwe ya tabaka za chuma, na silikoni ya kawaida isikaribie, kwa sababu inaungua. Kaza kwa mzunguko kutoka katikati hadi kama Nm 30 au 35, ukithibitisha kwenye kitabu cha injini yako.

Vipande vyote vishikizwe kwa nukta za weldi vikiwa kwenye gari, gari likiwa juu ya stendi na injini kwenye vifungo vyake, kisha vishushwe na kuchomelewa mezani. Ukilazimika kuchomelea garini, toa waya wa negativu wa betri, chomoa kompyuta, na bana waya wa ardhi sentimita chache kutoka weldi. Stenlesi inayochomelewa bila gesi ya argoni upande wa ndani inaota maganda meusi yenye chembe, ambayo yanapunguza njia na kuanzisha ufa.

Acha nafasi ya kutanuka. Mita 1.2 ya stenlesi ikitoka nyuzi 20 hadi 420 inaongezeka karibu milimita 8. Bila fleksibo (kipande cha bomba kinachonyumbuka) karibu na injini, na bila raba laini za kuning'inizia, milimita hizo 8 zitatafuta pa kwenda, na zitapasua weldi au stadi. Utaliona hilo baada ya kupanda Kitonga mara chache ukiwa na mzigo.

Sensa ya oksijeni

Uvujaji mdogo kabla ya sensa hautoi moshi tu, unavuta hewa pia, kwani kati ya donge na donge shinikizo hushuka chini ya hewa ya nje. Sensa inaiona oksijeni hiyo, inaiambia kompyuta mchanganyiko ni mkavu, na kompyuta inaongeza petroli. Gari linaanza kula mafuta na kutoa moshi mweusi, fundi anabadilisha sensa, na tatizo linabaki. Ukisikia ekzosi ikipasuka-pasuka kwa nguvu unapoteremka na gia, tafuta uvujaji kabla ya kufurahia sauti.

Tundu jipya la sensa lichomelewe juu ya bomba, kati ya namba 10 na namba 2 kama bomba lingekuwa uso wa saa. Likiwa chini au ubavuni, maji ya asubuhi ya baridi yanaingia kwenye sensa iliyo moto na kuipasua.

Mngurumo wa safarini

Bomba tupu lina raha ya dakika kumi. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na mizunguko 2,800 ya mwendo wa kawaida inatoa, kwa injini ya silinda nne, mapigo 93 kwa sekunde, masafa ambayo chumba cha gari hupenda kuyaitikia. Kichwa kinauma kabla ya Chimala. Sailensa ya sufi inanyonya sauti kali za juu lakini haiwezi huo mngurumo wa chini. Unatibiwa kwa bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi. Gesi ikiwa nyuzi 300 sauti inakwenda kama mita 480 kwa sekunde, kwa hiyo urefu ni mita 1.3 hivi. Gesi iliyotulia ndani ya bomba hilo ni ya baridi zaidi, basi anza na 1.3 na kata sentimita mbili mbili. Utaishia karibu na 1.15. Kwenye Subaru yenye mabomba yasiyolingana urefu, ule mdundo wa nusu masafa utabaki, ingawa utakuwa wa kuvumilika.

Kelele ina sheria pia: kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zipo, na askari wa barabarani hahitaji kipimo kusikia gari lisilo na sailensa.

Mdomo wa bomba utokeze nyuma ya bampa, sentimita mbili au tatu. Ukiishia chini ya buti, moshi unavutwa ndani kupitia raba zilizochakaa za mlango wa nyuma, na usiku wa baridi vioo vyote vimefungwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Abiria wa nyuma wanalala, na dereva anadhani ni uchovu. Badilisha raba za buti siku ile ile unayobadilisha ekzosi.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, gari likiwa limepoa, rudia kukaza nati zote, na tena baada ya 500. Asubuhi injini ikiwa baridi, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku mwingine akipitisha sponji yenye povu la sabuni kwenye kila flenji na kila weldi. Mapovu yakitokea kabla ya sensa, gari lirudi kwenye stendi siku hiyo hiyo. Mstari mweusi wa masizi kwenye flenji ni uvujaji ule ule ulioanza wiki kadhaa nyuma.